Pingili ya Sabini na Moja

Alhamisi, 3 Desemba 1992

Nimeshinda Chilungule. Abdulnasiri, mfanyabiashara wa chuma chakavu wa hapa Dodoma mjini, amelinunua trekta la jeshi lililotelekezwa pembeni mwa kijiji, na atalikata vipande vipande. Thomas, mhariri wangu aliyeko Dar es Salaam, anataka habari fupi: chuma cha vita sasa kinakwenda kuwa nondo za kujengea. Nimemsomea maneno mia tatu kwa simu. Sikumwambia kwamba nalijua trekta hilo.

Ni trekta la kuvutia mizinga, la Kirusi, linalotembea kwa minyororo miwili ya chuma badala ya matairi. Lilirudi kutoka vita vya Uganda, likapelekwa kwenye mradi wa kusafisha mashamba. Tarehe 17 Februari 1981 lilimuua Loisi, binti wa Thobias, mwenye umri wa miaka kumi na tisa. Dereva alikuwa Bartolomayo, mjomba wake Loisi, kaka wa mama yake mzazi. Alifungwa miaka miwili. Habari ile niliiandika mimi.

Nilikuwa na futi ya fundi mfukoni. Urefu mita 5.87, upana mita 2.57. Nitatengeneza mfano wake kwa kipimo cha moja kwa ishirini. Tangu utoto natengeneza magari ya bati. Yapo kumi na moja juu ya kabati. Hiyo ndiyo sababu niliyompa Salha, mke wangu, na ndiyo ninayoiandika hapa.

Jumamosi, 5 Desemba

Mvua ya kwanza. Dakika ishirini. Kumbikumbi wengi.

Jumatano, 9 Desemba

Kibanda cha dereva kimekamilika. Bati la kopo la mafuta ya kupikia, kioo cha mbele kutoka kwenye karatasi ngumu ya picha ya eksirei. Nimechonga viti sita vya mti wa mkwaju. Mbele ya kiti cha dereva nimeweka fimbo mbili za waya. Trekta hili halina usukani. Ukitaka kwenda kushoto unavuta fimbo ya kushoto, mnyororo wa upande huo unasimama, wa kulia unaendelea kusukuma, na trekta linageuka.

Salha amepita barazani na beseni la nguo. "Wenzako wanaosubiri kustaafu wanacheza bao," amesema. "Wewe unanimalizia makopo."

"Nitakununulia sufuria."

"Ulisema hivyo kwenye lile gari la zimamoto."

Jumatatu, 14 Desemba

Mvua usiku kucha. Barabara ya Chilungule imekatika. Lori la Abdulnasiri limezama kwenye tope, kwa hiyo kukata kumeahirishwa.

Jumamosi, 19 Desemba

Nimerudi kuhesabu pingili za minyororo. Nilizikadiria mara ya kwanza, na sipendi kukadiria. Mnyororo mmoja ni vipande vya chuma vilivyoshikana kama vifundo vya muwa, na kila kiungo kina pini yake. Upande wa kulia: sabini na moja. Upande wa kushoto: sabini.

Nimehesabu tena kwa kuweka alama ya chaki kwenye kila pingili. Sabini. Na pini moja ya kushoto haifanani na nyingine. Ni kipande cha nondo kilichopigwa nyundo pande zote mbili.

Abdulnasiri alikuwa amekaa juu ya mtungi wa gesi akila mahindi. "Sheikh Swalihu, unahesabu meno ya ng'ombe aliyekwisha kufa? Mimi nanunua kwa tani."

"Huku imepungua moja."

"Basi nimedhulumiwa!" Akacheka mpaka punje zikamtoka mdomoni.

Nimeshika nondo ile kwa muda mrefu kuliko kipimo kilivyohitaji.

Jumapili, 20 Desemba

Sikufanya kitu.

Jumapili, 27 Desemba

Nimekata pingili mia moja na arobaini na mbili kutoka kwenye makopo ya maziwa. Pini ni sindano zilizokatwa. Nimeamua kufanya pande zote mbili ziwe na sabini na moja, kama lilivyotoka kiwandani.

Nimetafuta pia nakala ya habari ya mwaka 1981. Ninainakili hapa yote, kwa kuwa ni fupi:

"Na Mwandishi Wetu, Dodoma. MSICHANA wa miaka 19, Loisi Thobias, amefariki dunia baada ya kugongwa na trekta katika mradi wa kusafisha mashamba wa Chilungule. Mkuu wa mradi alisema dereva, Bartolomayo Masaka, aliyekuwa amelewa, alishindwa kumudu usukani na kuacha njia. Alisema trekta lilikuwa zima na lilikaguliwa siku iliyotangulia. Mashuhuda walisema dereva alionekana akipepesuka tangu asubuhi. Kazi za mradi zinaendelea vizuri."

Maneno hamsini na tisa. Usukani.

Jumamosi, 2 Januari 1993

Trekta limekatwa. Saa sita kwa moto wa gesi, watu wanne. Watoto wa kijiji walishangilia kila kipande kilipoanguka. Thobias alikuja, akasimama mbali akiwa na fimbo yake, akaondoka kabla hawajamaliza. Hakunijua. Au alinijua.

Nilimwomba Abdulnasiri ile nondo. "Chukua," akasema. "Hiyo hata mizani haiioni."

Jumanne, 5 Januari

Magurudumu ya kushoto yamepinda. Nimeyang'oa, nimeanza upya.

Jumapili, 10 Januari

Leo nitaandika nilichokiona. Nimekuwa nikiandika kuhusu bati kwa wiki tano.

Siku ile ya mwaka 1981 nilipelekwa Chilungule kupiga picha za maendeleo ya mradi. Nilifika saa mbili asubuhi. Bartolomayo alinikaribisha uji wa uwele kwenye kibuyu, tukanywa pamoja tumekaa juu ya mnyororo wa trekta lake. Mdomo wake haukunuka pombe. Hakuwa mnywaji, wenzake walimtania kwa hilo mbele yangu, wakamwita padri. Alinionyesha daftari la trekta. Mara tatu alikuwa ameandika kwamba pini za mnyororo wa kushoto zimelika na anaomba nyingine. "Mwandishi," aliniambia, "andika na hili. Labda wakilisoma gazetini watalisikia." Nikasema nitaona. Sikuandika.

Saa tano kasorobo nilikuwa nimesimama hatua arobaini kutoka kwenye trekta, kamera mkononi. Nilisikia mlio mmoja, kama risasi. Mnyororo wa kushoto ulitoka nyuma ya trekta ukalala chini kama nyoka aliyenyooka. Trekta likageuka kushoto lenyewe, kwa nguvu ya upande mmoja uliobaki, likaingia kwenye njia ya miguu. Loisi alikuwa anapita na ndoo kichwani. Bartolomayo alilisimamisha kwa hatua sita. Aliruka chini akiita jina lake. Mimi nilipiga picha mbili.

Mkuu wa mradi alinichukua kwenye Landrova yake. Njiani alinipa karatasi iliyokwisha pigwa chapa. Maneno yalikuwa hayo hamsini na matano yaliyoko hapo juu. Manne niliyoongeza mimi ni Na Mwandishi Wetu, Dodoma. Aliyeiandika alikuwa ofisini, hakujua kwamba trekta halina usukani. Mimi nilijua. Katika kazi yetu wakati ule taarifa ya mkubwa ilikuwa habari, na mwandishi alikuwa mtu wa kuifikisha. Nimejiambia hivyo kwa miaka kumi na miwili, na ni kweli. Lakini habari zangu zote za mwaka ule zilitoka kwa jina langu. Hiyo moja niliomba jina liondolewe.

Picha iliyotumika niliikata kwa mkasi mezani pangu. Upande wenye mnyororo uliolala chini haukuchapishwa.

Mahakamani sikuitwa, na sikujitokeza. Mwezi Aprili nilipata nyumba hii ya serikali, Area D, niliyokuwa nimeiomba kwa miaka mitatu. Hakuna aliyeniambia kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Sikuuliza.

Jumatatu, 18 Januari

Mvua imekata siku nane sasa. Mahindi ya jirani yamejikunja.

Alhamisi, 21 Januari

Abdulnasiri anasema Bartolomayo yuko Buigiri kwa binti yake. Macho yamekwisha, ugonjwa wa vikope. "Hajarudi kwao tangu atoke jela. Dada yake hataki kumsikia, anasema kaka yake alimuua mtoto kwa pombe. Na dada mwenyewe sasa ni mgonjwa, maji yamejaa miguuni. Kwani unamjua?"

Nilisema nimewahi kumwona.

Jumapili, 24 Januari

Buigiri. Nilichukua trekta ndani ya boksi la biskuti, ingawa halijapakwa rangi.

Anyesi, binti yake, anafua nguo kwenye bweni moja pale. Alikuwa ameweka chuma kizito mlangoni kuuzuia usifungwe na upepo. Bartolomayo alikuwa amekaa kwenye mkeka kivulini, amekonda, amevaa koti licha ya jua. Nilimsalimia nikataka kujitambulisha.

"Usihangaike," akasema. "Wewe ndiye wa kamera. Sauti yako haijazeeka."

Nikampa trekta.

Alilizunguka lote kwa ncha za vidole, polepole, kuanzia taa za mbele. "Lo! Hata ndoana ya kuvutia mzinga umeiweka." Akaingiza kidole kimoja ndani ya kibanda. "Viti sita? Tulikuwa tunakaa tisa, na mbuzi." Akazipata zile fimbo mbili za waya. Alizishika kwa kidole gumba na cha shahada, akavuta ya kulia, akavuta ya kushoto, na mwili wake wote ukaegemea upande ule aliovuta.

Kisha akapitisha ukucha kwenye mnyororo wa kushoto, pingili kwa pingili, midomo ikihesabu.

"Sabini na moja," akasema.

"Ndiyo."

"Ilikuwa hivyo asubuhi. Jioni zilikuwa sabini. Waliniamuru nilitengeneze trekta litoke njiani kabla hawajanipeleka polisi. Nikapiga nondo. Sasa umelifanya la asubuhi au la jioni?"

Nikasema sikuwa nimeamua.

"Amua basi."

Anyesi alikuwa amesimama mlangoni na povu mikononi. Aliinama, akakiinua kile chuma cha mlango, akakiweka miguuni pangu. Ilikuwa pingili ya trekta, imepasuka kwenye tundu la pini. Sehemu kubwa ya mpasuko ilikuwa imeliwa na kutu ya zamani sana. Sehemu ndogo tu ndiyo iliyovunjika siku ile.

"Niliiokota mwenyewe shambani," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na minane. Mahakamani hakuna aliyeniuliza. Nikakuandikia barua wewe, baba, kwa anwani ya gazeti. Nilisema chuma ninacho, njoo ukione. Ulipata?"

Ningeweza kusema posta ya miaka ile ilikuwa mbovu. Angeamini.

"Nilipata," nikasema.

"Haya." Akarudi kwenye nguo zake.

Bartolomayo alikuwa bado anavutavuta zile fimbo. "Mwandishi, mimi sikudai kitu. Kifungo nilishamaliza. Nataka kukaa kwa dada yangu Angelina kabla mmoja wetu hajaondoka, basi. Shemeji yangu Thobias anacho kile kipande cha gazeti mpaka leo. Kila anayejua kusoma akipita pale anasomeshwa. Mimi nikisema sikunywa, ni neno la mlevi. Nani atashindana na gazeti?"

Jumanne, 26 Januari

Sikwenda kazini. Nimemwambia Salha ni malaria.

Jumamosi, 6 Februari

Nimefungua redio kaseti mbovu nikatoa mota yake. Kwa gia za saa ya ukutani na betri mbili, trekta linatembea: hatua moja kwa dakika moja na nusu, moja kwa moja, bila kuyumba. Pini moja ya mnyororo wa kushoto nimeifanya ichomoke kwa kuvutwa na uzi. Nikivuta, mnyororo unalala chini, trekta linageuka kushoto. Nimejaribu mara kumi. Mara kumi limegeuka kushoto.

Salha aliangalia tangu jaribio la nne. Hakutania. "Hili si kama lile la zimamoto," akasema. Nikamweleza yote. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua mpaka nilipomaliza.

"Na nyumba hii?"

"Sijui."

"Unajua," akasema, akaenda jikoni.

Jumamosi, 13 Februari

Bado jua. Watu wameanza kuuza mbuzi.

Jumatatu, 22 Februari

Mwezi umeandama. Kesho tunafunga. Wakati wa kuandaa daku ya kwanza Salha ameuliza kama safari hii nitafunga chakula tu au na mengine. Nilijifanya sikusikia.

Jumapili, 28 Februari

Nimeisafisha picha ya mwaka 1981 kwenye chumba cha giza cha ofisi, fremu nzima, bila kukata. Negativu niliitunza. Mtu anayetunza negativu hawezi kusema alisahau. Mbele, ndoo imelala ubavu. Katikati, trekta limepinda. Nyuma yake, mnyororo umenyooka chini, na unaonyesha wazi kwamba ulitoka kabla trekta halijaacha njia. Mtoto wa shule angeona.

Alhamisi, 4 Machi

Rangi ya kijani ya jeshi, mikono miwili. Nimemaliza. Hakuna kingine cha kutengeneza, kwa hiyo hakuna sababu ya kukaa.

Jumapili, 14 Machi

Chilungule. Abdulnasiri alitupeleka kwa pikapu yake, maana alikuwa na vipande vya mwisho vya kuchukua. Bartolomayo na Anyesi, tuliowapitia Buigiri, walikaa mbele, mimi nyuma na boksi.

Boma la Thobias ni tembe la zamani lililozungushiwa ua wa minyaa. Bartolomayo alipogusa minyaa kwa fimbo yake alisimama. "Siingii mpaka niitwe," akasema. Anyesi akabaki naye. Niliingia peke yangu.

Thobias alikuwa amekaa kwenye kigoda akichonga mpini wa jembe. Angelina, mkewe, alikuwa mlangoni, miguu imenyooshwa juu ya ngozi ya ng'ombe. Nilitoa mbukwenyi, salamu ya Kigogo, wakaitikia. Nikaongeza shikamoo.

"Nani yule kwenye minyaa?" Thobias akauliza, akijua.

"Shemeji yako, mzee. Lakini mwenye maneno ni mimi. Nimekuja kwa ajili ya habari ya gazeti ya mwaka themanini na moja. Ina uongo."

Aliendelea kuchonga kidogo. Kisha akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni. Ndani yake kulikuwa na kitabu cha nyimbo za kanisa, na ndani ya kitabu kile kipande cha gazeti, kimekuwa cha njano na kimekatika kwenye mikunjo.

"Mimi sikusoma," akasema. "Nimesomewa na mwalimu, na katekista, na bwana shamba. Wote maneno yaleyale. Leo soma wewe. Ukifika penye uongo, simama."

Nikakifungua. Nikasoma, "Na Mwandishi Wetu." Nikasimama.

"Mbona umesimama? Hata hujaanza."

"Uongo unaanzia hapo, mzee. Mwandishi huyo ana jina. Ni Swalihu Mrisho, ndiye mimi. Niliomba lisiandikwe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuwepo na niliona."

Alionyesha karatasi kwa ncha ya kisu: endelea.

Nilisoma jina la Loisi na umri wake, nikapita.

"Hapo husimami?"

"Hapo ni kweli."

"Hapo ninajua," akasema.

Nilisimama kwenye "amelewa". Nilisimama kwenye "usukani", nikaeleza kwamba chombo hakina usukani. Nilisimama kwenye "lilikuwa zima" na kwenye "lilikaguliwa". Kwenye "mashuhuda" nilisema shahidi mwenye kamera alikuwa mmoja, na hakusema hivyo, alinyamaza tu. Nilisimama kwenye "akipepesuka". Nilisimama kwenye "zinaendelea vizuri", kwa maana trekta lile halikulima tena hata hatua moja. Mara nane kwa maneno hamsini na tisa. Angelina hakuondoa macho usoni pangu wakati wote.

Thobias akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo. "Kama alijua chuma ni kibovu, kwa nini alipanda?"

Jibu lilitoka kwenye minyaa. "Hilo ni langu, shemeji! Waliniambia nikishuka trekta litapelekwa kijiji kingine. Nikaona pini zitavumilia mpaka msimu uishe. Hilo usimsomeshe mwandishi. Hilo niulize mimi."

Thobias aliweka kisu chini.

"Hilo sanduku lina nini?" Angelina akauliza. Ndiyo mara yake ya kwanza kusema tangu salamu.

Nikafagia mchanga kwa kiganja, nikaliweka trekta. Anyesi aliingia bila kuitwa, akaweka pingili iliyopasuka kando yake, akarudi kwa baba yake. Niliwasha mota. Trekta likaenda moja kwa moja kuelekea kwenye kinu. Nikavuta uzi. Mnyororo ukalala, trekta likageuka kushoto. Hakuna mtu aliyekuwa amekaa ndani.

"Rudia," Angelina akasema.

Nikarudisha pini, nikarudia. Likageuka kushoto.

"Tena."

Mara ya tatu hakungoja. Kabla sijavuta uzi alijikokota kwenye ngozi, akaweka mkono mbele ya trekta. Lilikwama kwenye kiganja chake, minyororo ikisaga mchanga, mpaka nikazima.

"Uliona hivi siku hiyo?"

"Niliona."

"Na baada ya hapo uliwahi kula, ukalala?"

"Ndiyo, mama."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa mashariki, ya kwanza tangu Januari. Akageuza uso kuelekea kwenye minyaa, akapaza sauti.

"Barto! Unasubiri ulowe? Ingia ndani."

Bartolomayo aliingia, mkono wake begani kwa Anyesi, fimbo ikipapasa njia ambayo zamani aliijua. Alipofika mlangoni Angelina alimshika kifundo cha mguu, hakumwachia. Wote watatu wakaingia, na Thobias nyuma yao. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa, yanatoboa vumbi. Mimi sikukaribishwa, na nisingejua jinsi ya kuingia. Nilisimama nje na saumu yangu. Thobias akatokeza kichwa.

"Maneno ya mdomoni yatakufa na sisi," akasema. "Lile liliandikwa. Na hili liandikwe. Na jina lako."

Anyesi alitoka mbio akalichukua trekta na pingili, akavikumbatia visilowe. Hakunitazama.

Jumatano, 17 Machi

Nimetuma sahihisho kwa teleksi: maneno themanini na nne, na jina langu. Thomas akapiga simu.

"Swalihu, hii ni habari ya miaka kumi na miwili! Unastaafu Juni. Unajichafua kwa nini?"

"Nilijichafua zamani. Naomba uichape."

"Haya magazeti mapya ya watu binafsi yatatucheka. Watasema tumekuwa tukidanganya siku zote."

"Hii moja tulidanganya."

Akasema ataona. Nilijua neno hilo, niliwahi kulitumia.

Alhamisi, 25 Machi

Idi. Salha amepeleka sahani ya pilau kwa jirani, amenipa na mimi yangu. Nimeandika barua ofisi ya nyumba, nimeeleza nilivyopata nyumba hii na siku niliyoipata. Salha ameisoma, akanirekebishia tarehe.

Jumamosi, 3 Aprili

Hakuna kitu gazetini. Mvua kidogo.

Alhamisi, 8 Aprili

Limetoka. Ukurasa wa saba, chini, pembeni ya tangazo la mashine za kusaga. Wameyapunguza yakawa maneno arobaini na moja, lakini yapo: dereva hakuwa amelewa, mnyororo ulikatika, pini ziliombwa mara tatu, mwandishi aliona. Nimehesabu mara mbili.

Juu yake wameandika: Na Mwandishi Wetu, Dodoma.

Nilimpigia Thomas. Alisema ni kwa heshima yangu, kwamba nimshukuru.

Nimenunua nakala moja. Nimeikata kwa mkasi uleule wa bati, nikiacha ukingo mpana pande zote. Neno "Wetu" na neno "Mwandishi" nimeyafuta kwa mstari wa wino, na juu yake nimeandika Swalihu Mrisho kwa herufi kubwa, ili anayejua kusoma akipita pale asipate shida.

Kesho ni Ijumaa Kuu. Abdulnasiri anasema Bartolomayo bado yuko kwa dada yake, na amesikia atakaa mpaka mavuno. Nitaondoka alfajiri na kipande hiki kwenda Chilungule. Nitafika mpaka kwenye minyaa, nitasimama hapo.